Ukurasa wa Kulia

Mama Kabati akikasirika hapigi kelele kwanza. Kwanza anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa gauni, anairudisha usoni, halafu ndipo utajuta kuzaliwa. Wafanyakazi wote wa ofisi ile ya usanifu majengo wanalijua hilo, kuanzia mkubwa wao hadi mlinzi wa getini. Ukiona miwani imevuliwa, tafuta kazi ya kufanya chumba kingine.

Jina la Kabati hakupewa na mamake. Alipewa kwa ajili ya kabati la chuma la kijivu, droo nne, lililosimama nyuma ya meza yake, na ufunguo wake anaouning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu mwaka wa ishirini na tatu sasa. Anakwenda nao bafuni. Dada yake, anayeishi naye, humtania kwamba siku akifa watamzika nao, na wateja itabidi wafuate siri zao makaburini.

Zamani alikuwa mchoraji. Enzi za kalamu ya wino alichora ramani za nyumba kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zilinyooka ungedhani zimepigwa chapa. Kompyuta zilipoingia akasogezwa kwenye mafaili. Wenzake wakamwonea huruma, naye hakutaka huruma ya mtu. Alisema kuchora ukuta kila mtu anaweza, kazi ni kujua nani atalia nyuma ya ukuta huo.

Na ni kweli. Watu wanadhani kwa msanifu unakwenda kusema vyumba vitatu na sebule, basi, kwaheri. Thubutu! Mama Kabati anakukalisha, anakupa maji ya kunywa, halafu anaanza. Wewe na mkeo mnalala chumba kimoja? Kuna mgonjwa nyumbani? Nani hataki kukutana na nani asubuhi? Kuna kitu unachokificha, na ungependa kukificha wapi? Wengine hucheka, wengine huja juu, mbona umbeya huu! Ikipita nusu saa wote wamefunguka. Mzee mmoja aliyekuja na suti na fimbo alilia pale kitini mpaka maji yakaisha kwenye jagi.

Majibu aliyaandika kwenye daftari kubwa, kurasa mbili mbili. Ukurasa wa kushoto ni wa vipimo: mlango uwe mpana kiasi hiki, ngazi zisiwepo, dirisha likae hapa. Huo unakwenda kwa wachoraji. Ukurasa wa kulia ni wa sababu. Huo unachanwa, unafungiwa kabatini, na hautoki. Mchoraji ataambiwa mlango uwe mpana, lakini hataambiwa ni nani atapita hapo kwa kiti cha magurudumu, wala tangu lini, wala kwa ugonjwa gani.

Utaratibu huo aliuanzisha Mkubwa mwenyewe, msanifu mwenye ofisi, wakati yeye na Mama Kabati walipokuwa wawili tu, chumba kimoja juu ya duka la rangi, meza moja, kiti kimoja na ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa mwembamba wakati ule na maneno yake yalikuwa na uzito. Alisema mteja akitueleza sababu, ametuazima, hajatupa. Mama Kabati alimpenda kwa neno lile, nasema kumpenda kama ndugu, maana yeye alikuwa anatoka mahali ambapo hakuna aliyemwazima mwenzake kitu.

Aliwahi kuolewa, sikieni. Miaka minne, hana mtoto, akaenda kupimwa. Karani wa zahanati akasoma majibu kabla ya daktari, akampigia soga wifi yake Mama Kabati, na wifi domo lake halina breki. Mama Kabati aliporudi nyumbani jioni ile na bahasha haijafunguliwa, alikuta kikao cha wakwe barazani na sanduku lake limeshafungwa. Habari ya tumbo lake mwenyewe aliisikia kwa watu. Hajawahi kusahau. Mpaka leo akiona karani anasoma faili huku anatabasamu, mkono unamwasha.

Sasa, miaka mitatu nyuma akaja Fundi Suti. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na mitaa ya jirani pia, kwa sababu hakuna bwana harusi aliyejiheshimu ambaye hakupita kwenye kibanda chake. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, futi ya kupimia haimtoki shingoni. Alikaa kitini, akanywa maji, akaangalia mlango kama umefungwa.

"Dada," akasema, "nataka nyumba nitakayoijua kwa mikono."

Daktari wa macho alishamwambia. Miaka mitatu, ikizidi sana mitano, kisha giza. Aliyejua ni mkewe tu. Wateja wasijue, kwani nani atampa kitambaa cha harusi fundi anayekwenda kuwa kipofu? Na bado anaona uzi, bado anatunga sindano mwenyewe. Lakini wateja halikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa binti yake, mtoto wa pekee, aliyekuwa chuoni mji mwingine akisomea uuguzi.

"Yule namjua," akasema. "Akisikia leo, kesho ameacha chuo, yuko mlangoni na begi, anataka kunishika mkono. Simtaki mlangoni. Nataka amalize. Akimaliza, nitamleta kwenye nyumba mpya, nitafumba macho, nitatembea toka getini hadi chumbani bila kugusa mtu, halafu ndiyo nitamwambia. Aone kwamba nimejipanga. Nimwambie mimi, kwa mdomo wangu."

Mama Kabati aliandika yote kwenye ukurasa wa kulia. Akauchana mbele yake, akaufungia mbele yake.

"Halitoki hapa, kaka yangu."

"Na msanifu?"

Hapo palikuwa na ugumu, maana nyumba ile bila sababu yake haichoreki. Fundi Suti akakubali Mkubwa aambiwe, peke yake, na Mkubwa akaja akaweka mkono kifuani.

Nyumba ilijengwa, na haki ya mtu apewe, Mkubwa aliipatia. Korido moja iliyonyooka, milango yote upande wa kulia. Popote penye ngazi, ni tatu, si mbili si nne. Sakafu inabadilika chini ya unyayo kila unapofika mlangoni, hapa laini, hapa ina chenga. Na mfuo, yaani mstari uliochimbwa ukutani usawa wa kiuno, upana wa vidole viwili, unaanza nje kwenye nguzo ya geti, unapita ukuta wa mbele, unaingia ndani, unakwenda hadi kitandani. Majirani waliuliza ni wa nini. Fundi Suti akasema ni urembo. Watu wakaupenda urembo, wawili watatu wakauiga kwenye kuta zao.

Kisha mwaka huu dada yake Mama Kabati akavunjika nyonga, na yeye akaomba ruhusa ya wiki tatu amuuguze. Wiki tatu, kwa miaka ishirini na tatu! Ufunguo alikwenda nao.

Jumatatu aliyorudi alikuta mapokezi pana maua. Wachoraji wanachekacheka. Akaambiwa hongera, mama, tumeingia fainali! Mashindano ya wasanifu, maonyesho ukumbi wa maktaba kuu, bango letu lipo ukutani, majaji wanapita kesho, watu wanapanga foleni kuangalia, hata kwenye tovuti yetu ipo, imesambaa kwenye simu huwezi kuamini. Mchoraji mmoja akamwonyesha kwenye skrini, ana furaha zake, hajui analoonyesha.

Palikuwa na picha ya geti. Palikuwa na mfuo, umepigwa picha karibu, na mkono wa mtu umepita juu yake. Palikuwa na ramani yote, chumba hadi chumba. Na juu, kwa herufi kubwa: NYUMBA YA MIKONO, MAKAO YA FUNDI SUTI ANAYEPOTEZA MACHO. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: jina la mteja limehifadhiwa.

Mama Kabati akavua miwani.

Aliifuta muda mrefu. Yule mchoraji akakumbuka kwamba ana kazi chumba kingine. Alipoirudisha usoni alikwenda moja kwa moja kwa Mkubwa, hakubisha hodi, akamkuta anazungumza na simu, akamnyang'anya simu mkononi na kuiweka mezani kifudifudi.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Mama, karibu. Dada anaendeleaje?"

"Dada ana nyonga mbovu na akili nzima. Nakuuliza, nani kakupa ruhusa ya kumwanika mtu wa watu?"

Mkubwa alifikiri ni mzaha. Kisha akaona si mzaha, akajiweka sawa kitini. Siku hizi ana shingo nene, na ana kiti kinachozunguka. "Sikuandika jina," akasema. "Angalia mwenyewe. Nilifuta jina pote, hata kwenye kona ya ramani. Nilikaa usiku mzima nafuta."

"Umefuta jina ukaacha nyumba!"

"Nyumba si mtu."

"Ebo! Wewe ni msanifu na unasema nyumba si mtu? Mtu anapita geti lile kila siku kwenda sokoni, leo analiona kwenye simu yake, anahitaji jina la nini? Na huyo fundi suti uliyemwandika, mtaa ule una mafundi suti wangapi? Kumi? Hebu nitajie wa pili!"

Mkubwa akakizungusha kiti, akaangalia dirishani. Akasema kwamba ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya maishani, kwamba bila sababu yake majaji wasingeielewa, wangeona korido na mstari tu. Akasema ni heshima kwa mteja, kwamba watu watasoma na kuguswa.

"Waguswe na macho ya mwenzao? Ungeandika ugonjwa wako wewe, waguswe na wewe!"

Mlango ulikuwa wazi. Ofisi nzima ilikuwa inasikiliza, na mashine ya kuchapa ramani, ambayo haijawahi kunyamaza saa za kazi, ilikuwa imenyamaza. Kwa hiyo kila mtu alisikia hatua za taratibu kwenye ngazi, na kila mtu aligeuka, na pale mapokezi akasimama Fundi Suti na futi yake shingoni.

Hakuja kugomba. Afadhali angegomba. Alisalimia mmoja mmoja, akamsalimia hata Mkubwa.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," akasema. "Kuna mtu aliyeuza habari yangu, au imetoka kwa bahati mbaya? Nataka kujua tu nikasirike vipi."

Mama Kabati akamvutia kiti, hakukaa. Akaeleza, sauti ile ile ya kupimia mtu mabega. Wateja wanne walikuja Ijumaa kuchukua vitambaa vyao, kila mmoja ana udhuru wake, wakimtazama machoni kama wanaosoma bango. Hilo alikuwa amejiandaa nalo. Lakini mwenzake binti yake chuoni aliiona picha ile, akamwonyesha, angalia nyumba hii, si kwenu huku? Si getini kwenu? Binti akasoma mpaka chini. Ilikuwa imebaki mitihani miwili. Miwili, jamani, baada ya miaka mitatu. Akafunga begi.

"Alinipigia simu jana usiku yuko stendi ya kule," Fundi Suti akasema. "Sikumtambua sauti. Aliniambia, baba, mbona nimeambiwa na watu?"

Akaishika futi kwa mikono yote miwili kama anayetaka kupima kitu, ila hapakuwa na cha kupima.

Mama Kabati alisikia masikio yake yakivuma. Hakumwona Fundi Suti tena, aliona baraza la wakwe zake na sanduku lililofungwa. Damu ilimpanda mpaka kwenye nywele. Mkubwa alikuwa anasema samahani, anasema bango litashuka, labda baada ya majaji, maana kesho tu, masaa machache tu, na ataandika barua ya kuomba radhi, na kama kuna lolote ofisi inaweza kufanya.

Baada ya majaji! Wallahi, alisema hivyo.

Mama Kabati akaenda kwenye meza yake, mkabala na mlango wa Mkubwa uliokuwa wazi, akautoa ufunguo kifuani, akapiga magoti mbele ya kabati na kufungua droo ya chini. Hiyo ya mafaili ya zamani, ambayo hafungui hata yeye. Akapekua, akatoa ukurasa mmoja uliogeuka rangi, wino wa mkono wa kushoto. Mkubwa aliutambua toka alipokaa. Alisimama kwa nguvu, kiti kikazunguka peke yake.

Kwa sababu ofisi hii iliwahi kuchora nyumba ya Mkubwa pia. Miaka kumi na saba iliyopita, kabla hajawa na shingo. Na utaratibu ni utaratibu, aliutunga yeye. Alikaa kitini kama mteja yeyote, akanywa maji, akaulizwa, na akajibu. Ile nyumba yake ina chumba chenye mlango wa nje, kila mtu ameuona, na kila mtu amewahi kujiuliza. Sababu yake iliandikwa ukurasa wa kulia.

"Mama," Mkubwa akasema. Sauti ilikuwa ya yule mwembamba wa juu ya duka la rangi. "Mama, usifanye hivyo. Mke wangu hajui."

"Na binti yake alikuwa anajua?"

Akavuka chumba, akamshika Fundi Suti mkono, akauweka ukurasa kiganjani mwake. Mama Kabati hakuwa na haya hata kidogo.

"Ya kwako kaisoma dunia nzima," akasema. "Ya kwake hii hapa. Soma. Soma kwa sauti, na hawa wote wapo, wasikie. Kama macho yanasumbua nitakusomea mimi."

Mkubwa hakwenda kuunyang'anya. Alisimama tu, mikono imening'inia, jasho linamtoka juu ya mdomo. Wachoraji waliangalia sakafu, ila hakuna aliyeondoka, na hilo ndilo lililonichoma mimi niliposimuliwa: hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Fundi Suti akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Akausogeza karibu na uso, akausogeza mbali, kama anavyofanya na sindano. Mama Kabati alikuwa karibu naye, na aliona waziwazi jicho lake likishika mstari wa kwanza, likashuka kwenye wa pili. Kisha akafumba macho. Akaukunja ukurasa kwa vidole, mara mbili, kona kwa kona, umenyooka kama mkunjo wa suruali.

"Sioni kitu hapa," akasema. "Macho yangu mabovu, si mmetangaziwa?"

Akamrudishia.

Mama Kabati akaupokea, na hasira yote aliyokuwa nayo ikakosa pa kwenda. Ikamrudia yeye. Aliona alichotaka kufanya. Karani wa zahanati, miaka yote ile anamlaani, na leo alikuwa amesimama mahali pake hasa, karatasi ya mtu mkononi, anatafuta wa kumsomea.

Mkubwa alichukua funguo za gari mezani. Hakuaga. Walimsikia akishuka ngazi mbili mbili, na aliyemfuata nyuma alikuja kusema baadaye kwamba aliingia ukumbi wa maktaba akalitoa bango ukutani kwa mikono yake, misumari na yote, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Sawa, vizuri, ashukuriwe. Kwenye simu za watu hakuna ngazi ya kupanda ukalibandue.

Mama Kabati akapiga magoti tena mbele ya droo. Akaurudisha ukurasa wa Mkubwa mahali pake, akaisukuma droo. Ufunguo ukagoma. Akaupeleka, ukagonga chuma pembeni, akaupeleka tena, machozi ya hasira yamejaa kwenye miwani na haoni hata tundu lilipo.

Fundi Suti akachuchumaa kando yake. Akautwaa ufunguo mkononi mwake, taratibu, kamba ikiwa bado shingoni mwa mwenyewe, hivyo vichwa vyao vikakaribiana. Hakuangalia kabati. Aliangalia dirishani. Kidole gumba kikapita juu ya chuma, kikalipata tundu, ufunguo ukaingia mara moja, akazungusha.

"Nimeshaanza kujifunza," akasema.

"Nisamehe, kaka yangu."

"Wewe uliandika tu." Akainuka, akajipangusa magoti, akainyoosha futi shingoni ikae sawa pande zote. Akatazama saa ya ukutani, na ilimbidi asogee hatua mbili ili aisome. "Basi lake linaingia saa tisa. Niache niwahi, dada. Nataka nimwone akishuka."